Malkia Dhidi ya Benki

Katika chama cha ngoma cha mama yangu, ukimwita kiongozi kwa jina alilopewa na wazazi wake, ulitozwa kilo ya sukari. Hakuna cha msamaha wala cha nimeghafilika. Hata kama nyumba inaungua na yeye yumo ndani, wewe piga kelele Malkia toka, Waziri toka, lakini jina lake liache huko huko kwao. Ndiyo maana katika haya ninayoyasimulia hamtaona jina la mtu hata mmoja. Chama chenyewe kilikwisha kufa, na wengi waliokicheza wametangulia mbele ya haki, ila mimi sharti lao nalishika. Siku moja nitakutana nao, na sitaki kwenda kudaiwa sukari.

Malkia alikuwa mama yangu. Asubuhi alichoma vitumbua barazani kwetu Kariakoo, macho mekundu kwa moshi, akigombana na wateja wanaobonyeza bonyeza kitumbua kisha hawanunui. Alhamisi alasiri akioga, akijifukiza udi, akikaa kwenye kiti kilichotandikwa kanga mpya, wanawake wazima wenye wajukuu walimpigia goti. Mimi mwanawe nilikuwa nacheka kwa ndani, maana nilijua saa ile ile ana deni la unga wa mchele kwa jirani. Lakini alipokaa pale hukuona mchoma vitumbua, uliona malkia. Chini yake alikuwepo Waziri, shoga yake tangu wote wawili wakiwa wanawali. Halafu Jemadari, halafu Mtunza Hazina, halafu Hakimu, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza kesi za chama na kutoza hiyo sukari.

Na chama kilikuwa na dhahabu. Msifikiri ni utani, dhahabu hasa: mikufu, bangili, vipuli vya masikio, kipini cha pua na mkufu mmoja wa sarafu ulio mzito mpaka bibi harusi anainama. Waliinunua akina mama wa kwanza kwa michango yao, kidogo kidogo, kabla mimi sijazaliwa. Binti yeyote wa mwanachama, siku ya kutolewa nje kwa harusi yake, alivishwa dhahabu ile. Awe baba yake ana duka, awe baba yake anasukuma mkokoteni, siku ile wote walimeta sawa. Redioni walikuwa wanatufundisha ujamaa kutwa kucha. Akina mama walikuwa wakisikiliza, wakitikisa vichwa, wakisema haya mambo sisi tumeyaanza zamani.

Dhahabu ilikuwa ndani ya kasha dogo la bati gumu, na kasha lilikuwa benki. Wezi waliwahi kuvunja nyumba ya Malkia aliyetangulia, wakakosa bahati tu, ndipo chama kikaamua kulipeleka tawi la benki lililokuwa Mchafukoge. Jina la benki yenyewe silitaji, si lazima. Pale palikuwa na mzee mmoja mtunza chumba cha chuma, akiwajua akina mama wote kwa sura. Wakija na harusi anawatolea kasha, wakirudisha analipokea, na mambo ya karatasi wala hakuna aliyeyauliza. Ufunguo alikaa nao Malkia, kwenye pindo la kanga yake, mchana na usiku.

Basi bwana, likaja jambo. Tawi la Mchafukoge likafungwa, kila kitu kikahamishiwa jengo kubwa la mjini, na yule mzee akastaafu akaenda zake ng'ambo kwa wanawe. Hakuna aliyejali. Kisha binti wa Waziri akachumbiwa. Mama akafunga safari na Waziri mwenyewe, wamependeza, wanaongea njia nzima habari za mapishi, wakafika dirishani benki na kuomba kasha la chama. Karani akaingia ndani, akatoka, akawaambia hawana taarifa ya kasha la namna hiyo. Mama akamwelekeza, akamweleza, akamwonyesha na ufunguo. Karani akasema ufunguo hata mimi ninao, wa kabati la nyumbani.

Walirudi kimya. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana aliyelirudisha kasha mara ya mwisho, kesho yake baada ya harusi ya binti wa Jemadari, alikuwa mama yangu peke yake. Wenzake walikuwa hoi kwa kupika na kucheza. Walimwona akiondoka nalo kichwani, limefunikwa kanga. Hakuna aliyemwona akilikabidhi.

Mnajua mtaa ulivyo. Siku ya kwanza watu walisema benki wazembe. Siku ya pili wakasema lakini mbona mwezi ule Malkia aliezeka banda upya. Zikaingia zile methali zinazopendwa na watu wasio na ushahidi: lisemwalo lipo, kikulacho ki nguoni mwako. Vitumbua vikaanza kubaki. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la ushirika, nimesimama nyuma ya kaunta, nikasikia kwa masikio yangu mwanamke wa foleni akimnong'oneza mwenzake kwamba dhahabu ya chama imekuwa mabati ya Malkia. Sijui kaunta niliivukaje. Ninachojua ni kwamba meneja alinishika kiuno na mkono wangu ulikuwa umeshika kilemba cha mtu. Sina simile mimi, sikuzaliwa nayo.

Lililomvunja mama moyo si maneno ya wale wa foleni. Ni Waziri. Waziri hakusema kitu, aliacha tu kuja barazani. Mtu uliyekua naye, mkachezwa unyago pamoja, anapita ng'ambo ya barabara na kapu lake kichwani kama hakuoni. Mama alikuwa anamfuata kwa macho mpaka anakata kona, kisha anageuza vitumbua vilivyokwisha kuungua. Siku moja akaniambia, taratibu, kama anaongea na kikaango: "Mimi dhahabu siitaki. Nataka benki iseme kasha lipo au halipo, nijue nalia wapi."

Nikamwambia basi tuishitaki. Nilisema kwa hasira tu, wallahi, sikujua kama benki inashitakika. Mama akanitazama, akafuta mikono.

Kulikuwa na mwandishi wa maombi aliyeweka mashine yake ya kupiga chapa kwenye baraza moja karibu na soko, akiandikia watu barua na hati za mahakamani. Akina mama wakamwendea wote, hata Waziri alikuja, akasimama mwisho kabisa. Yule bwana akachomeka karatasi, akauliza majina ya wadai. Mama akajibu: Malkia. Akauliza jina. Mama akajibu jina ni Malkia. Yule bwana akaeleza kwamba mahakama inataka majina ya watu, na Hakimu wa chama akamweleza naye kwamba hii ni shughuli ya chama, na katika shughuli ya chama majina ya nyumbani hayatoki, na yeye mwandishi akiwa karibu na chama ajiangalie asije akatozwa. Walibishana mpaka wauza machungwa wakasogea kusikiliza. Mwisho yule bwana akasema mama zangu, hela ni yenu na kesi ni yenu, akapiga chapa: Wadai ni Malkia, Waziri, Jemadari, Mtunza Hazina na Hakimu. Wakatia vidole gumba na sahihi za kisomo cha watu wazima, kila mmoja kwa cheo chake. Tukatoka pale tunatembea kwa madaha. Nilijisikia tumekwisha kuishinda benki.

Siku ya kusikilizwa kesi dukani niliomba ruhusa kwa uongo wa kuumwa meno. Tulikwenda kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, akina mama wamevaa kanga sare, doti mpya, watu wanatugeukia wakidhani tunakwenda kumpokea mgeni wa serikali. Mahakamani tulijaza mabenchi yote ya nyuma. Hakimu mwenyewe, yule wa serikali, alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, na nilimwona akipata taabu: alipotuona nusura atuamkie shikamoo, akajikumbusha yuko kazini.

Akaifungua hati yetu ya madai. Akasoma wadai. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapa kuna mdai anaitwa Hakimu. Ni nani?"

Mama yule mnene akasimama. "Ni mimi, Mheshimiwa."

"Unahukumu wapi?"

"Barazani kwa Malkia, kila Alhamisi."

Karani wa mahakama akainamia meza, mabega yakawa yanatikisika. Lakini wakili wa benki hakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alikuwa mtu mzima, mpole, tai imenyooka. Akasema ana pingamizi kabla shauri halijaanza. Akaeleza kwamba sheria inamjua mtu mwenye jina, au chama kilichoandikishwa serikalini, na hawa si hivi wala si vile. Malkia leo ni huyu, kesho ni mwingine. Akasema mji huu kila mtaa una malkia wake, kuna wa Magomeni, na ukivuka kivuko pale Magogoni utamkuta mwingine ng'ambo. Benki ikitoa mali kwa Malkia, itakuwa imempa yupi?

Hapo akawa amechokoza nyuki. Magomeni walikuwa wapinzani wetu wa jadi katika ngoma. Jemadari alisimama akamwambia wakili kwamba yule wa Magomeni si malkia, ni mpishi wa malkia. Askari wa mahakama akamketisha. Nilikuwa nataka kucheka, nataka na kulia, kwa sababu niliona yule wakili, Mungu amsamehe, anasema kweli.

Hakimu wa serikali aliandika kwa muda. Kisha akasema hati ya madai ina upungufu, wadai hawatambuliki, kwa hiyo analiondoa shauri mahakamani.

Wee! Benchi la nyuma liliangua kilio kama kwenye msiba. Mtunza Hazina alijifunika kanga usoni. Mimi nilisimama, mdomo umekwisha kufunguka, na sijui ningesema nini ila najua ningelala rumande. Mama alinivuta gauni nikaketi. Yeye hakulia. Alikuwa anamtazama Waziri, na Waziri alikuwa anatazama mlango. Katika mtaa wetu neno lingefika kabla yetu: Malkia kashindwa, kumbe kweli alikula.

Hakimu akagonga meza. Akasema, na sauti hii ya kijana naisikia mpaka leo: "Mama zangu, nisikilizeni. Nimeliondoa, sikulitupa. Likitupwa limekufa. Likiondolewa mnakwenda kulirekebisha, mnarudi nalo. Rudini na majina yenu."

Nilitoka pale nimejaa moto. Njia nzima nilikuwa mbele yao, narudi nyuma, naenda mbele tena, nawaambia mmesikia, mmesikia, mlango uko wazi, ni majina tu, majina yanauma nini. Sikuelewa. Wale wanawake walikuwa wakitembea kila mtu na lake moyoni, maana kilichoombwa si kidogo. Ndani ya chama kulikuwa na binti za watumwa na binti za mabwana zao. Kulikuwa na waliokuja kutoka kusini na mafurushi, wakapewa jina jipya mjini wasiulizwe la zamani. Cheo ndicho kilichowafanya wakae mkeka mmoja. Ukishataja jina utataja na la baba, na ukitaja la baba, mkeka unachanika.

Walikutana alasiri ya Alhamisi, barazani kwetu. Yule mwandishi alikuja na mashine yake kichwani kwa mtoto wa jirani, akaiweka juu ya kinu. Hakuna aliyepiga ngoma. Mama akakaa kwenye kiti chake, akasema kila mwenye nia ataje jina lake aandikwe, na asiye na nia asilazimishwe. Ndipo Waziri akasema, bila kuinua macho:

"Jina langu halikai karatasi moja na la mwizi."

Sitaki kuwaficha, nilitafuta mchi. Ulikuwa karibu, na mkono wangu uliufikia. Lakini mama alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti, na Malkia hasimami mbele ya watu wake ila chama kimefiwa, kwa hiyo wote tukamwangalia. Akateremka barazani. Akasimama chini, mchangani, walipo wengine. Akataja jina lake. Akataja la baba yake. Akataja la babu yake, ambalo hata mimi nilikuwa silijui, na lilikuwa jina la mtu aliyenunuliwa. Alilitaja wazi, hakulitafuna. Kisha akasema: "Kama nimekula mali ya watoto wenu, jina langu ndilo hilo, litafuteni popote mlilaani."

Mashine ikapiga. Tak, tak, tak. Nilikuwa nimeushika ule mchi kama bakora ya kiwete, machozi yananitoka, na sikujua ni ya hasira au ya fahari. Akafuata Jemadari. Akafuata Hakimu, akataja jina dogo la kitoto ambalo halikumfanana hata kidogo, na hakuna aliyecheka. Mmoja baada ya mwingine wakaja, mpaka wanachama wa kawaida ambao hawakuwemo kwenye hati ya kwanza. Wanawake waliojuana maisha mazima walikuwa wanageukiana, wanatazamana upya. Waziri aliondoka zake katikati ya majina.

Hati mpya ikaingia mahakamani, safari hii imekaa sawa: nani anadai, anadai nini, benki ilikabidhiwa nini na sasa inakataa nini. Benki ikapewa nafasi ya kujibu. Siku ya kikao nilikaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa darasa la saba.

Majibu ya benki yalisomwa. Kwenye aya ya kwanza, mdaiwa hakubali wala hakatai, anawaachia wadai wathibitishe. Kwenye aya ya pili, mdaiwa hakubali wala hakatai. Ya tatu hivyo hivyo. Mpaka mwisho wa karatasi, kasha hawalikubali na hawalikatai, ufunguo hawaukubali na hawaukatai, nikaona hawa watu ukiwauliza kama jua limechomoza watakujibu hivyo. Nilimgeukia mama nimwambie twende zetu. Hakuwepo benchini. Alikuwa amesimama mbele.

Alisema hivi, na kila neno nililikamata: "Mheshimiwa, karatasi yetu uliiondoa kwa kuwa haikusema sisi ni nani. Tulikubali, tukaenda tukasema, na haikuwa rahisi kusema. Hii yao haisemi kasha lipo au halipo. Kwetu, mtu akiulizwa jambo barazani akajibu ubavuni, anaambiwa akae chini, hajajibu. Yetu ilitoka. Yao inabakije?"

Wakili akasimama kupinga. Akasema mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mdai. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jambo moja: je, kuna mtu wa benki aliyekwenda kutazama katika chumba cha chuma? Wakili akageuka kumtazama karani wa benki aliyekuja naye. Karani akatazama viatu vyake.

Basi hakimu akasema kukana kwa kuzungukazunguka si kukana. Akayaondoa majibu ya benki mahakamani, akawaamuru walete mengine yenye ndiyo au hapana kabla ya kikao kijacho, la sivyo ataendelea na akina mama peke yao. Niliruka. Askari alikuja kuniambia nikae, nikamkumbatia. Masikini yule baba, kofia ilianguka.

Kikao kilichofuata wakili hakuja na karatasi tu. Alikuja na meneja, na nyuma ya meneja tarishi wa benki, na begani mwa tarishi kasha letu. Lilikuwa na vumbi. Meneja, ndugu mmoja mstaarabu, akaeleza mwenyewe kwamba vitu vya Mchafukoge viliwekwa nyuma ya vingine wakati wa kuhama, na hakuna aliyevipanga, na kila aliyeulizwa alijibu kutoka dirishani. Akaomba radhi. Sikuipokea radhi yake siku ile. Siku hizi nimeipokea.

Hakimu akamtaka mama ataje kilichomo kabla ya kufungua. Mama akataja, kipande kwa kipande, hadi kipuli kimoja kilichopinda ndoano. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Ukaingia, ukazunguka. Alipoinua kifuniko, harufu ikatoka kabla ya kitu chochote. Asmini. Ile asmini ya kichwani mwa binti wa Jemadari, imekauka, imebaki rangi ya majani ya chai, ilikuwa bado imenasa kwenye mkufu wa sarafu, na chini yake kila kitu kipo. Kasha lilikuwa halijafunguliwa tangu kesho yake ya harusi ile.

Vigelegele vilivyopigwa mahakamani siku hiyo hakimu hakuvizuia. Alijifanya anaandika. Nilikuwa napiga nami, sauti imekauka, naruka, namtafuta wa kumpigia vizuri karibu na sikio lake. Nikamwona. Waziri alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kanga mdomoni. Nilipomkaribia hakuwepo tena.

Alhamisi iliyofuata chama kiliketi kwa furaha, na jambo la kwanza mezani, msicheke, ni faini. Majina yametajwa katika shughuli ya chama, hilo halina ubishi, na sharti ni sharti. Hakimu akajihukumu mwenyewe kwanza, kisha akamhukumu kila mmoja kilo yake, Malkia akiwemo. Mwaka ule sukari ilikuwa adimu kuliko hiyo dhahabu. Ikija dukani kwetu ilikuwa kilo moja kwa nyumba moja, na watu walipanga foleni kwa mawe na ndala za kushikia nafasi tangu alfajiri.

Sukari ilipokuja nilikuwa kwenye mzani. Foleni imezunguka jengo. Wakaja, wakaja, na mbele yangu akasimama Waziri. Nilikuwa nimeapa kwamba huyo mwanamke akifika mbele yangu nitamwambia imekwisha, nimwonyeshe na gunia tupu. Harusi ya binti yake ilikuwa Jumamosi. Nilijua bila kuambiwa kwamba kilo ile ndiyo ya maandazi ya harusi, na mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka.

Alinyoosha kapu lake, hakuniangalia. Akasema: "Pima vizuri, mwanangu. Ni faini ya Malkia. Jina lake lilitoka kwa ajili yangu, na mimi langu nililificha."

Nikapima. Nilipima na kuzidisha, meneja aone asione. Akaichukua, akavuka barabara upande wetu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na kutoka dukani nilimwona akikaa barazani karibu na kikaango, kapu mapajani.

Jumamosi binti yake alitolewa nje na mkufu wa sarafu, kainama kwa uzito. Aliyemvisha ni mama yangu. Maandazi hayakuwa na sukari hata chembe. Tuliyala yote.